Shairi na Jibu Lake Chini ya Mlima Meru

Katika ushairi wa Kiswahili, maoni ya msomaji yalikuwa na umbo lake tangu zamani: yalikuwa shairi jingine. Mtunzi alipotoa kauli yake kwa beti, aliyeafiki, aliyepinga na aliyetaka kuuliza wote walitazamiwa kurudi na beti, tena kwa bahari ile ile na mara nyingi kwa vina vile vile. Huko ndiko kujibizana, na majibizano yakivuta watu wengi na kuchukua muda huitwa malumbano. Aliyejibu alithibitisha mambo mawili kwa mpigo: kwamba amelisoma shairi la mwenzake hadi akazihesabu mizani zake, na kwamba yeye mwenyewe ana uwezo wa kutunga. Hapakuwa na nafasi ya mtu kusema "nzuri sana" kisha akaenda zake.

Utaratibu huo unastahili kuangaliwa upya Arusha. Jiji hilo lina alama nyingi za historia ya ushairi wa Tanzania kuliko wakazi wake wanavyodhani, na washairi na marapa wake wanakutana na tatizo linalowakuta watunzi popote walipo: wengi wanapenda kusikilizwa, wachache wanapenda kusikiliza, na wachache zaidi wako tayari kumwambia mtunzi shairi lake limesimama wapi na limeanguka wapi.

Mfano wa kale unaojulikana vizuri unatoka pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi mengi ambayo ama yalijibu jambo ama yalitafuta jibu. Wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu, uliofikia kilele katika vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, kila mji ulikuwa na malenga wake. Lamu ilikuwa na Bwana Zahidi Mngumi, na beti zilikuwa sehemu ya mapambano sawa na majahazi na mikuki. Hata wakati wa amani, mtunzi angeweza kutoa fumbo na kuliacha mitaani hadi mwenye akili alifumbue kwa shairi. Fumbo lilifanya kazi ambayo ombi la kawaida haliwezi kuifanya. Aliyelisikia alikuwa tayari ameingia mchezoni, kwa sababu akili yake ilianza kulifungua kabla hajaamua kama anataka.

Tungo za Muyaka zilikusanywa miongo mingi baadaye na Mwalimu Sikujua pamoja na mmisionari William Taylor, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Anayeisoma leo hukumbana na shida ya pekee. Baadhi ya beti ni nusu ya mazungumzo, na nusu nyingine haimo kitabuni. Shairi la majibizano likibaki peke yake hupoteza sehemu ya maana yake, kwa kuwa lilitungwa likimwangalia mtu fulani usoni.

Gazeti lilipofika, lilipanua baraza hilo likafika bara. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923 na kutoka mara moja kwa mwezi, lilikuwa na kurasa za mashairi zilizokutanisha watu ambao hawakuwahi kuonana. Desturi zikajengeka. Mtunzi alianza kwa kumwomba mhariri nafasi, akaingia katika hoja, akamaliza kwa tamati, jina na sanduku lake la posta. Wengine walijipa lakabu, kama Akilimali aliyejiita Snow-White, na lakabu hizo zikafahamika kuliko majina ya kuzaliwa. Baadaye Uhuru na Mzalendo yaliendeleza kazi hiyo, na Redio Tanzania Dar es Salaam ikawasomea wasikilizaji tungo zao wenyewe kwa sauti ya kuimba.

Kuna jambo katika mfumo huo wa magazeti ambalo ni rahisi kulipita: uchelewaji wake ulikuwa faida. Aliyesoma shairi lililomuudhi hakuweza kulijibu dakika ile. Alikuwa na mwezi mzima wa kutafuta vina, na katika kutafuta vina hasira ilipungua na hoja ikachujwa. Mtu anayelazimika kupata neno lenye mizani tatu linaloishia na "-ngu" hana budi kufikiri zaidi ya yule anayeandika lolote linalomjia. Leo shairi linatumwa kwa simu asubuhi na kufikia adhuhuri limekwisha kupigiwa makofi ya vidole gumba hamsini, bila hata mmoja kueleza ubeti gani umemgusa. Ushiriki umo, tena mwingi. Jibu halimo.

Katikati ya Arusha kuna uwanja ambao watu wengi huufahamu kwa mpira wa miguu na mikutano ya hadhara. Unaitwa Uwanja wa Kumbukumbu ya Sheikh Amri Abeid, na mwenye jina alikuwa mshairi. Kaluta Amri Abeid alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa shehe na mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, hadi alipofariki mwaka 1964 akiwa hajazeeka. Mwaka 1954 alitoa kitabu chembamba chenye uzito mkubwa, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Ndani yake alieleza vina, mizani, beti na kutosheleka kwa kila ubeti kwa namna ambayo mtu yeyote anayejua kusoma angeweza kuifuata.

Kitabu hicho kimelaumiwa baadaye kwa kuufunga ushairi katika pingu. Lawama hiyo ina ukweli, lakini inasahau hali ilivyokuwa. Kabla yake, sheria zilikaa vichwani mwa mashaha, yaani wapimaji wa mashairi, na mashaha wengi walikaa pwani. Kijana wa Ujiji, wa Dodoma au wa Meru aliyetaka kujua kwa nini tungo yake imeitwa guni, yaani yenye kasoro ya vina au mizani, hakuwa na wa kumuuliza. Aliambiwa tu kwamba Kiswahili chake ni cha bara. Sheria zilipochapishwa, mtu wa bara alipata kipimo ambacho hakikutegemea ukoo wala lafudhi. Akikosolewa aliweza kukagua kama kosa lipo, na akionewa aliweza kujitetea. Katika Arusha, ambako wengi wamekulia katika Kimaa, Kimeru, Kichaga au Kiiraki kabla ya kukizoea Kiswahili, jambo hilo si dogo. Kipimo cha pamoja humpa mgeni ujasiri wa kuingia, na humpa mwenyeji kitu cha kusema zaidi ya kusifu.

Namna kipimo hicho kinavyofanya kazi inaonekana katika mshororo mmoja. Tuseme mtunzi anayeanza ameleta ukwapi huu, yaani kipande cha kwanza cha mshororo: "Mlima wetu Meru wa kale." Masikio yanaupenda, lakini ukihesabiwa una mizani 10, wakati utao unaofuata, "mbona wavaa mawingu," una mizani 8. Msikilizaji mwema hasemi "nzuri," wala hasemi "mbaya." Anasema: neno "wetu" limezidi. Likiondolewa mshororo unakaa sawa, "Mlima Meru wa kale, mbona wavaa mawingu," mizani 8 kwa 8, na isitoshe maana yake imekaza, kwa kuwa mlima unasemeshwa moja kwa moja bila kudaiwa umiliki. Maoni hayo yamechukua nusu dakika. Hayakumdhalilisha mtu, yamegusa neno moja tu, na mtunzi anaweza kuyakubali au kuyakataa kwa sababu anazozijua.

Si mbali na uwanja huo, Kaloleni, yapo Makumbusho ya Azimio la Arusha. Azimio lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mjini humo Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Athari yake katika ushairi haikukawia. Watu wa kila aina walipeleka tungo magazetini kuliunga mkono, na mwaka 1971 Grant Kamenju na Farouk Topan walitoa mkusanyo ulioitwa Mashairi ya Azimio la Arusha. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi na mfasiri wa Shakespeare, aliwaita washairi na kuwataka wasaidie kuieleza siasa ya ujamaa kwa wananchi. Chama chao kilikuwa UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na mtu aliyeupokea wito huo kwa nguvu kuliko wengine alikuwa Mathias Mnyampala.

Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, aliendeleza utungo wa mazungumzo ulioitwa ngonjera. Watu wawili au zaidi husimama na kupokezana beti. Mmoja ana shaka au hajui, mwingine anajua, na mwishoni asiyejua anaelewa na wote wanakubaliana. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, baada ya kifo chake mwaka 1969, na shule za nchi nzima zikazipokea. Ni vigumu kupata mtu aliyesoma shule ya msingi Tanzania katika miaka iliyofuata ambaye hajawahi kusimama mbele ya wageni rasmi akikariri upande mmoja wa ngonjera huku mikono ikienda na maneno.

Kwa kipimo cha ushiriki, hakuna mpango wa ushairi wa Kiswahili uliowahi kufika mbali kiasi hicho. Watoto wa vijijini ambao wangebaki wasikilizaji walipata kinywa. Walijifunza mizani kwa mwili, si kwa kitabu, na wengi walipenda Kiswahili kwa sababu hiyo. Sifa hiyo ni ya haki na Mnyampala anastahili kuipata bila kusita.

Lakini ngonjera ilileta jambo jingine pia. Swali lake lilikuwa na jibu lililojulikana kabla ya mtu kufungua kinywa. Mwenye shaka alikuwa na shaka hadi ubeti wa mwisho tu, kwa sababu imeandikwa hivyo. Katika malumbano ya magazetini mtunzi hakujua nani atajibu wala atajibu nini. Katika ngonjera ya shule, kila upande ulitoka katika kalamu moja. Umbo la majibizano likabaki, hatari yake ikaondoka. Hapo ndipo tofauti ya kushiriki na kujibu inapoonekana wazi. Mtu anaweza kushiriki kwa kukariri, lakini hawezi kujibu ila awe na uhuru wa kutokubali. Kikundi chochote cha washairi kinachotaka maoni ya kweli hakina budi kujiuliza kama kinamwachia mwanachama mlango wa kusema "sikubaliani," au kama kimempa tu nafasi yake ya kukariri.

Miaka ya 1970 ilithibitisha kwamba kutokubaliana, hata kwa ukali, huzaa. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani, watetezi wa sheria, akiwamo Saadan Kandoro, walisema hayo si mashairi. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi walitoa Malenga wa Bara, jina lenyewe likiwa dai, kisha mwaka 1979 Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Mwaka 1984 Mayoka akaingia kutetea upande wa jadi kwa Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Inafaa kuangalia walivyogombana: karibu kila mmoja aliweka hoja yake pamoja na diwani yake, akionyesha kwa mfano kile alichokitetea. Desturi ya kujibu shairi kwa shairi iliendelea kufanya kazi hata kati ya watu waliokuwa wakizozana kuhusu shairi ni nini.

Kwenye miteremko ya Meru kuna shule nyingine ya kuitikia, isiyo na deni kwa pwani. Waarusha, wanaolima migomba, mahindi na kahawa chini ya mlima huo wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, huzungumza Kimaa, na uimbaji wa Kimaa humtegemea kiongozi aitwaye olaranyani. Yeye hutangulia, kundi humpokea kwa pamoja, na bila kundi wimbo wake haupo. Kiitikio ni rahisi kushika, kwa hiyo hata aliyefika sasa hivi anaweza kuingia. Kibwagizo cha shairi la Kiswahili kina faida iyo hiyo, ingawa washairi wengi wa siku hizi wamekiacha wakidhani ni cha kizamani. Ubeti wa kwanza ukisomwa, hadhira husikia mshororo wa mwisho. Ukirudi katika ubeti wa pili, wawili watatu huusema pamoja na msomaji. Kufikia ubeti wa nne ukumbi wote unausema. Mtu aliyeitikia mara tatu amekwisha kujiona ndani ya shairi, na akiulizwa maoni yake hujibu kama mwenyeji.

Vijana wa jijini waliurithi utamaduni huu kwa njia yao. Arusha, ambayo wao huiita Chuga, ni mojawapo ya ngome kubwa za hip hop nchini, mji wa X Plastaz, Nako 2 Nako, Watengwa na Joh Makini. X Plastaz, walioanza katika miaka ya 1990 na kutoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, walichanganya mistari ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaa, hivi kwamba olaranyani na rapa walikutana katika wimbo mmoja. Katika kilinge, ambapo marapa husimama duara na kupokezana mitindo huru, maoni hayasubiri barua. Mstari mzito hupokelewa kwa kelele, mstari mwepesi hupokelewa kwa ukimya, na anayefuata lazima apande juu ya alichosema aliyetangulia. Kwa namna fulani kilinge kiko karibu na malumbano ya Muyaka kuliko ngonjera ya shule ilivyo.

Udhaifu wake upo pia. Kelele hulipa mshindo kuliko fikra, na mwenye haya hanyanyuki. Msichana aliyetunga kitu cha taratibu kuhusu shamba la bibi yake huko Poli au Nkoaranga hatakileta katikati ya duara linalongoja matusi ya kuchekesha. Saa ya mkutano nayo huchagua watu bila kutangaza. Kikao kinachoanza saa mbili usiku katika baa ya mjini kimekwisha kuwafungia mlango wanafunzi, akina mama wengi na yeyote anayetegemea daladala ya mwisho ya kwenda Tengeru au Usa River. Mwenye kikao atasema milango ilikuwa wazi, naye atakuwa hajasema uongo. Jumamosi alasiri huleta watu wengine kabisa, na watu wengine huleta mashairi mengine.

Kikao kinachotaka majibu ya maana huhitaji pia mtu wa kukiendesha, na jina lake la jadi ni shaha. Kazi ya shaha haikuwa kuwa mshairi bora kuliko wote, ingawa mara nyingi alikuwa. Ilikuwa kupima, kupatanisha na kuhakikisha maneno yanabaki juu ya shairi, hayapandi juu ya mtu. Shaha mzuri humtaka msikilizaji kwanza aseme alichokisikia, kwa maneno yake, kabla ya kutoa kasoro. Hatua hiyo moja hufichua mengi. Mara kwa mara mtunzi hugundua kwamba hadhira imesikia jambo ambalo hakulikusudia, na hapo hahitaji kuambiwa kwamba ubeti una tatizo. Shaha pia ndiye wa kumzuia mwenye maneno mengi. Katika vikundi vingi wanaozungumza ni wale wale watatu, na wengine hujifunza kwamba kazi yao ni kupiga makofi. Kumwita aliye kimya kwa jina, na kumpa swali dogo analoweza kulijibu, kama vile neno gani limebaki kichwani mwake, hufungua mdomo kuliko tangazo la jumla kwamba maoni yanakaribishwa.

Mashindano na tuzo yana nafasi yake. Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, Tuzo ya Safal na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu zimewapa washairi wa Kiswahili sababu ya kumaliza miswada yao. Hata hivyo shindano lolote humpa mshindi jibu na kuwaacha wengine wakikisia. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na majaji. Linazibwa na watu kumi na wawili wanaokaa pamoja mara kwa mara, wanaojuana kiasi cha kuambiana ukweli.

Na njia nyepesi kuliko zote ya kuwafanya wajibu ni kuwaletea shairi linalouliza. Mshororo ule wa Meru una swali ndani yake, "mbona wavaa mawingu," kwa hiyo haumwachi msikilizaji akae. Aliyetokea Ilboru au Sokon anaweza kujibu kwa vina vile vile: "Si mawingu, shuka lile, aliloazima kwangu." Papo hapo mlima umekuwa jirani mwenye deni, na wa tatu ana kazi ya kutafuta "-le" na "-ngu" nyingine kuamua kama shuka lirudishwe. Hakuna aliyeombwa kutoa maoni, na wote wameyatoa: wa pili ameonyesha kwamba amelisikia swali, amekubali vina, na ameligeuza jambo upande ambao wa kwanza hakuuona.

Majibizano ya namna hiyo hupotea haraka yasipoandikwa, na kilichotokea kwa tungo za Muyaka kinaweza kutokea kwa tungo za Ngarenaro jijini Arusha. Daftari moja la kikundi linatosha. Kinachotakiwa kuandikwa humo ni shairi pamoja na jibu lake, mkabala, likiwa na tarehe, jina la aliyetunga, jina la aliyejibu, na ukurasa mweupe upande wa pili kwa atakayejibu baadaye.